Mhadhara wa Uzinduzi wa Taaluma ya Kucha Bandia, Kata ya Turwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wangu, akina mama, mabinti wenye kucha na mnaozitamani: tulieni. Anayesema nanyi ni Profesa wa Kucha, cheo nilichojitunuku baada ya kukosekana Tarime nzima mtu mwenye sifa za kunitahini.

Kucha bandia nazo zina koo zake, ila hizi haziibiani ng'ombe. Kuna tipsi za plastiki za kubandika kwa gundi. Hizo huchomokea kwenye ugali, na anayezikuta ni mkwe. Kuna za akriliki, unga unaochanganywa na kimiminika ukagandia kidoleni. Kuna za jeli, zinazokaushwa kwa taa ya urujuanimno. Makofi, tafadhali, nimelitamka kwa pumzi moja.

Sasa udhibiti. Marekani walianza kuiandama methili methakrilati, kimiminika cha kucha za akriliki, miaka ya 1970, watu walipolalamika kuharibika kucha na kuwashwa ngozi. Umoja wa Ulaya, Septemba 2025, umepiga marufuku TPO, kemikali ya kuigandisha jeli, kwa kuhofia madhara kwa uzazi. Kwetu vipodozi vilikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, hadi 2019 vilipohamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Wote hao wanahangaika na chupa! Chupa ina maandishi, maandishi yanadai miwani, na iliyovushwa mpaka wa Sirari usiku kwa njia ya panya haina hata maandishi.

Sayansi yenyewe ilizaliwa Dodoma. Septemba 2018, Naibu Waziri wa Afya Faustine Ndugulile alipokwisha kueleza madhara, Spika Job Ndugai akawazuia wabunge wenye kucha na kope bandia kuingia bungeni. Mnauona umahiri? Maabara ya nini? Sampuli za nini? Mlango tu, na mtu wa kutazama vidole. Ikifika bungeni, kucha ni hatari. Ikibaki saluni ya hapa Turwa, dirisha limefungwa vumbi lisiingie, fundi anavuta harufu ile kutwa nzima bila barakoa, ni ajira kwa vijana.

Naona mkono kule nyuma. Binti ni fundi wa kucha. Anasema vidole vinamwasha mpaka vinapasuka, na amesikia kwamba mwenye mzio wa akrilati, kemikali za kucha hizi na za kuzibia meno, anaweza kusumbuka hata siku ya kuzibwa jino. Ni kweli kabisa. Anauliza mlango wake yeye uko wapi.

Mwanangu, wewe si mbunge. Swali linalofuata.