Gari Lisiloshika Kutu

Siku niliyokwenda kulikagua lile gari nilikuwa na sumaku mfukoni. Ni shauri la shemeji yangu, mtu ambaye hajamiliki hata baiskeli lakini hakuna chombo cha moto asichokijua. Pitisha sumaku kwenye bodi, aliniambia, ikikataa kunata ujue hapo pana puti.

Nikaanza na boneti. Haikunata. Madigadi, haikunata. Mlango, paa, ubavu mzima wa kulia, sumaku inateleza kama kipande cha sabuni. Nikarudi nyuma hatua tatu nikaitazama ile Land Rover kwa huzuni. Gari zima puti! Hawa watu wameifinyanga kama chungu.

Mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, hiyo alumini. Sumaku haishiki alumini. Na kutu nayo haishiki alumini." Kisha akanipa somo la historia bila malipo: kwamba Waingereza walipoitoa ya kwanza mwaka 1948, kule kwenye maonyesho ya Amsterdam, kwao chuma kilikuwa cha mgawo, vita ndiyo kwanza imeisha, ilhali alumini ya kuundia ndege imezagaa. Wakaivalisha bodi ya alumini. Ndiyo maana, akasema, mabibi hawa hawafi.

Maneno yake yote yalikuwa kweli, na hapo ndipo roho inaponiuma. Mtu akikudanganya unapata wa kumlaani. Huyu alinipa kweli tupu, ila ya juu tu. Ya chini hakuigusia, nami siku hiyo nilikuwa nimevaa suruali nyeupe, sikuinama.

Chini ni chuma. Chasisi chuma, ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva chuma, hata milango yenyewe, hiyo alumini ni ngozi tu iliyokunjwa juu ya fremu ya chuma. Na mimi naishi Kigamboni. Asubuhi nipo kwenye foleni ya pantoni, upepo wa bahari unanipulizia gari kama mtu anayepuliza dawa ya mbu. Jumamosi nashuka nalo ufukweni kuwafuata wavuvi, tairi ndani ya mchanga uliolowa, maana nilinunua gari la kupita popote na sikukubali kupita pa watu wengine.

Habari ya kwanza niliipata kwa mguu wa kushoto. Mvua ilinyesha, soksi ikalowa. Nikadhani ni mpira wa mlango. Nikainua kapeti, ambayo ilikuwa nzito kama kondoo aliyetoka kuzama, nikaona barabara. Yaani niko kwenye kiti, mkono kwenye usukani, natazama chini naona lami. Kwa kuwa ni barabara ya kwetu, niliona lami kidogo, halafu shimo.

Fundi wa kwanza nilimpata mtaani, chini ya mwarobaini, mchangamfu sana. "Hii ndogo bosi, jioni unaichukua." Ukisikia fundi bodi anakwambia jioni, jua hatakata kitu. Alisugua kwa msasa mahali palipovimba, akapachika puti, akapiga rangi juu. Gari likang'aa kama bwana harusi. Miezi minne baadaye rangi ikaota malengelenge, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Inavimba, inaisukuma rangi, na haijali imefunikwa na nini. Ukiacha punje chini ya puti umemfungia mwizi mlango akiwa ndani.

Lakini hilo namsamehe. Nisilomsamehe ni hisani yake. Siku ya kunikabidhi gari alinionyesha chini ya milango, uso umejaa fahari: "Kulikuwa na vitundu vidogovidogo hapa bosi, nimekuzibia vyote. Hivyo sikuchaji." Nilimshukuru! Nikampa na hela ya soda! Vitundu vile viliwekwa na waliounda gari, ili maji yanayopenya pembeni ya kioo yapate pa kutokea. Toka siku hiyo kila nikikata kona mlango wangu ulisema *chwaa*, kama dumu lililojaa nusu. Abiria wakiuliza nasema ni mafuta ya akiba.

Shemeji naye hakukaa kimya. Dawa ya kutu, alisema, ni oili chafu. Paka chini kote, mambo yamekwisha. Nikapaka. Wiki mbili gari lilikuwa linapiga mhuri kila linapoegeshwa, ukiwamo uwanja wa mama mkwe, uliokuwa umesakafiwa mwezi huohuo. Vumbi likaganda mpaka chini kukaota manyoya. Na zile bushi za mpira zikaanza kulainika na kuvimba, maana oili na mpira wa namna hiyo havipatani. Nilichokiokoa kwenye chuma nikakilipa kwenye bushi.

Ndipo nikapelekwa kwa fundi mzee mmoja. Huyu hakusema jioni. Hakusema chochote. Alilala chini ya gari na nyundo ndogo akawa anagonga chasisi kama daktari anayegonga mgongo: ngo, ngo, ngo, ngo, *pwa*. Kimya. Kisha nikasikia, "Mzee, nyundo yangu imeingia ndani."

Kumbe chasisi ni mrija, na mrija huoza toka ndani. Matope na chumvi huingia kwenye matundu yake, yanakaa humo yakinyonya unyevu wa hewani, wewe nje unapaka rangi unajisifu. Boriti ya mwisho nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, ilikuwa imebaki rangi na jina. Nilisoma baadaye kwamba yale magari ya majaribio ya 1948 chasisi zake zilichovywa kwenye zinki. Walijua! Walijua, halafu walipoanza kuuza wakapaka rangi.

Nikamwonyesha ule unga mweupe uliotokeza kwenye kingo za milango. Nikamwambia kwa ujuzi niliouziwa pamoja na gari, kwamba alumini haipati kutu. Akanitazama kwa upole. "Chuma na alumini ni wake wenza, mzee. Wakikaa pamoja pakavu, salama. Wamwagie maji ya chumvi, mmoja anamla mwenzake. Hapa anayeliwa ni alumini."

Nitawapunguzia habari ya kazi yenyewe. Alikata mpaka akafika kwenye chuma kinachong'aa, na kilikuwa mbali. Alishusha tangi la mafuta, akafungua nyaya za betri kabla ya kuchomelea, akaweka bati jipya, akapaka prima yenye zinki, na kila palipokutana chuma na alumini akatia kipande cha mpira kuwatenganisha wale wake wenza. Mwisho akapulizia nta ya maji ndani ya chasisi. Akachukua msumari akavizibua vile vitundu vya milango. Maji yaliyotoka yangetosha kuinjika chai. Kwa gharama ile ningeoa tena, na mke wangu, aliyeiona risiti, alisema hivyohivyo ila kwa sauti nyingine.

Sharti lake lilikuwa moja: osha chini kwa maji kila ukitoka pwani. Hapo nilifura. Naosha, fundi! Miaka miwili kila Jumapili nalala chini na mpira wa bustani. Akauliza, maji ya wapi?

Ya kisima chetu. Kisima cha Kigamboni. Maji ambayo ukipikia chai huhitaji kuuliza kama yana chumvi, sabuni haitoi povu, na bomba la bafuni limeota ndevu nyeupe. Miaka miwili nimelitoa gari baharini na kwenda kulisuuza kwa bahari ya nyumbani.

Kwa hiyo sasa nanunua maji baridi. Kijana wa mkokoteni analeta madumu sita kila Jumapili, mawili ya jikoni, manne ya chini ya gari. Jumapili iliyopita nilikuwa nimelala chali huko, dumu la tatu linaishia, nikaona kanga imesimama kando ya tairi. Mke wangu, taulo begani, sabuni mkononi. Aliuliza nikishamwogesha mwenzake kama atabakishiwa lile la nne, au naye akatafute mume wa kumnunulia maji.