Sifa za Mchele wa Kahawia

Wengine wamesifu dhahabu, wengine wapenzi wao. Mimi nausifu mchele wa kahawia, ule uliovuliwa kapi tu, ukaachiwa pumba na kiini chake.

Kwanza, unafundisha subira. Wali mweupe ni wa watu wenye papara: dakika 20 umeiva. Huu hauitiki wito wa kwanza. Juzi niliuloweka tangu adhuhuri, saa 12 jioni nikaubandika, kikombe kimoja cha mchele kwa viwili na nusu vya maji. Baada ya dakika 20 nikafunua. Punje zikanitazama kama wakwe. Nikafunika, nikafua sare za watoto, nikaanika. Nikafunua: ngumu. Nikampigia dada yangu, ambaye tulinuniana tangu msiba wa mwaka jana. Tukalaumiana, tukalia, tukasameheana. Nikafunua: maji yamekauka, punje bado zinagoma. Ningekuwa mshenga, kila posa ingeanza na sufuria moja ya mchele huu. Kijana na binti wakae jikoni mpaka uive. Wakitoka humo bado wanasemezana, waozwe usiku huohuo.

Fadhila nyingine nazitaja kwa kupita. Unakaza taya. Unafukuza wadoezi. Ukoko wake haugombewi na mtu. Na kwa kuwa mafuta ya kwenye pumba huharibika upesi, hauwezi kukusumbua kabatini mwaka mzima.

Unajua pia kumaliza gesi. Mtungi wangu wa kilo 6 ulizima saa 2 usiku, wali ukiwa nusu mbichi, na hapo sifa zilinikwama kooni. Nilitoka na khanga mabegani kutafuta mkaa. Niliporudi, watoto walishalala na chai ya mkandaa. Na mchele haukujileta nyumbani kwangu! Ulitumwa na bwana mmoja mwenye suti, kwenye semina ya lishe aliyohudhuria baba watoto. Bwana yule alihubiri nafaka zisizokobolewa asubuhi nzima, mchana wote wakala pilau. Ukahawia wake ulikuwa wa vitunguu. Baba watoto akarudi na kilo mbili: "Mke wangu, kuanzia leo tunakula huu." Tunakula. Nani anapika, semina haikufika huko.

Bibi yangu kule Kyela alitwanga mpunga kinuni, na mchele wake ulibaki na pumba nyingi. Tukamwonea huruma, tukamzoesha wa mashine. Pumba zikaenda kwa wafuga kuku. Leo dukani naongezewa bei kwa kazi ambayo mashine haikuifanya, na muuzaji ananiambia, "Mama, hii ni dawa."

Kuku walijua mapema. Miaka ya 1890 huko Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wake wakilegea miguu, maradhi yaliyofanana na beriberi ya binadamu. Mara wakapona. Kumbe walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe wa hospitali ya jeshi, mpaka akaja mpishi mpya aliyekataa wali wa jeshi kuliwa na kuku wa kiraia. Wakarudishiwa mchele wenye pumba, wakasimama. Mwaka 1929 Eijkman akapewa Tuzo ya Nobel, akigawana na Mwingereza Hopkins. Mpishi hakugawiwa hata ukoko.

Kwa hiyo leo nimeamua kugawana heshima. Mtungi umejazwa, mchele umelowekwa, na mwiko nimemkabidhi baba watoto. Hii ni dakika ya 35. Ameshafunua mara nne. Sasa hivi amechungulia sebuleni, jasho linamtiririka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule wa chipsi mayai pale kona ameshafunga.