Injini Nyingine, Mkoko Uleule: Mambo Tisa ya Kuzingatia Buzuruga, Kuanzia la Tisa Hadi la Kwanza

Kenya haipokei gari lililotumika likizidi miaka minane. Uganda nayo ilifunga mlango mwaka 2018 kwa magari yaliyozidi miaka 15. Sisi Tanzania tunalipia ushuru wa uchakavu, tunanung'unika kidogo, kisha tunaondoka na chuma chetu. Ndiyo maana Altezza, Celica, Chaser na Impreza zenye umri mkubwa kuliko baadhi ya mafundi wanaozitengeneza bado zinanguruma Mwanza.

Bodi hudumu, injini huchoka. Injini ikichoka, mwenye gari la spoti hapa mjini hushika Barabara ya Musoma kuelekea gereji za Buzuruga na Nyakato, na swali lake huwa moja: "Fundi, tuweke injini gani?"

Kwanza tuondoe aibu ya neno "used". Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari kwelikweli, alishinda Safari Rally akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na wengine. Waliiandaa wenyewe, wakazipita timu zilizokuja na magari mapya. Kwa hiyo anayekucheka kwa kununua injini ya mtumba, mpe salamu za Joginder.

Sasa tuhesabu, kutoka jambo jepesi hadi zito kuliko yote. Utaona injini zote zimekaa mkiani mwa orodha. Nimezipanga hivyo makusudi. Usinune, soma hadi mwisho.

9. Ekzosi ya kelele na spoila

Vijana wangu, tuelewane. Gari la nguvu farasi 110 likifungwa bomba pana kama la lori linabaki na nguvu farasi 110, ila sasa Nyakato nzima inajua. Kwenye injini ndogo isiyo na turbo, bomba likizidi upana moshi hupoteza kasi ya kutoka, na gari huwa zito zaidi linapoondoka. Spoila nayo huanza kazi kwenye mwendo mkubwa, wakati sheria kwenye makazi inakupa kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo, spoila inafaa kuanikia taulo.

Bomba pana lina haki yake kwenye injini ya turbo, kwa sababu turbo huzungushwa na moshi wenyewe. Kama huna turbo, weka hela yako mfukoni. Namba tatu inaisubiri.

8. 7A ya Premio ndani ya Levin

Corolla Levin na Trueno za AE101 zilikuja na 4A-GE ya valvu 20: lita 1.6, nguvu farasi 160, na mlio unaomfanya mtu mzima atabasamu peke yake kwenye foleni. Ikifa, kupata nyingine nzima ni kazi. Lakini ndani ya Corona Premio ya zamani na Carina kuna 7A-FE ya lita 1.8, ya ukoo uleule wa A, na sehemu nyingi za kufungia zinakubaliana.

Utapoteza ile nguvu ya mizunguko ya juu. Utapata mvuto wa chini, vipuri vya kila duka, na gari linalopanda mlima wa Bugando bila kulalamika. Wapo wanaotaka vyote viwili, wanachukua bloku ya 7A na kuipandishia silinda hedi ya 4A-GE. Inawezekana, ila kompresheni na njia ya oili lazima zipimwe na fundi mkereza mwenye vipimo. Akikwambia anakadiria kwa jicho, chukua hedi yako uende nayo nyumbani.

7. 3S-FE ndani ya Celica

Celica ina jina kubwa Afrika Mashariki. Ilishinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986 mfululizo, ikashinda tena 1990, kisha kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1995. Ukiona ST202 imeegeshwa juu ya matofali huku kuku wanalala ndani, ujue ni ukoo wa mabingwa umekosa mtu wa kuujali.

Habari njema ni kwamba Toyota yenyewe iliuza Celica hiyo ikiwa na 3S-FE, tofauti na ile kali ya 3S-GE. Maana yake 3S-FE ya Ipsum, Nadia au RAV4 ya kwanza inakaa humo bila kuchomelea chesisi. Kuwa macho na injini ya Noah tu. Ni 3S-FE kweli, lakini kwenye Noah imelazwa kufuata urefu wa gari na inasukuma magurudumu ya nyuma, kwa hiyo sampo na vifaa vyake vya pembeni havifanani. Muuzaji akisema "zote sawa, kaka," mwambie aifunge yeye.

Pamba, timu yetu ya soka hapa Mwanza, ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 20 nje. Celica yako haijakaa nje muda huo wote. Ipe nafasi.

6. EJ20 ya turbo ndani ya Impreza

Watu wa Subaru mnajijua. Injini yenu imelala, pistoni mbili kulia na mbili kushoto, uzito uko chini, na kona mnazila kama karanga. EJ20 ilifungwa kwenye Impreza, Legacy na Forester, kwa hiyo Forester ya turbo iliyopata ajali ya nyuma ni hazina: mbele yake kuna injini, turbo, kipoza hewa na kontroli boksi, vyote vimezoeana.

Hesabu kwanza boliti zinazoshika gia boksi. EJ za mwanzo zina nne, za baadaye zina nane, na kuzichanganya kunahitaji mtu anayejua anachofanya. Ikimbie pia ile ya Legacy yenye turbo mbili zinazopokezana, kwa kuwa imesukwa vimipira vingi vya hewa, na kimoja kikipasuka utakitafuta hadi Pasaka. Halafu badilisha oili kwa wakati. Turbo hailei mtu mvivu.

5. 1JZ ndani ya GX100

Haya, mmefurahi? Mark II, Chaser na Cresta za GX100 zilitoka na 1G-FE ya lita mbili. Za mwanzo zilikuwa na nguvu farasi 140. 1JZ-GTE ya lita 2.5 yenye turbo ina 280. Ni mara mbili kamili, na bodi inaikubali kwa sababu Toyota yenyewe iliweka JZ kwenye bodi hiyohiyo. Kuanzia 1996 toleo lake lina turbo moja na VVT-i, na kwa matumizi ya mjini ndilo ninalolipendekeza, maana huvuta mapema.

Tena turbo ina sababu ya ziada huku kwetu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Turbo huisindika hewa hiyo na kurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Jamaa wa Dar akikutambia gari lake, mwambie apande nalo huku kwanza.

Ila usiinunue 1JZ peke yake. Gia boksi ya 1G haikuandaliwa kwa nguvu hiyo, wala propela, wala difu. Tafuta nozikati, ile nusu ya mbele iliyokatwa Japani ikaja na injini, gia boksi, waya na rejeta kwa pamoja. Inaonekana ghali siku ya kwanza. Kununua kipande kimoja kimoja kunaonekana rahisi hadi utakapojumlisha risiti.

4. Rejeta, mfuniko na themostati

Kwenye mwinuko wa Mwanza maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, hayafiki 100. Kinachozuia injini isichemshe ni mgandamizo ulio ndani ya mfumo, na mgandamizo huo unalindwa na mfuniko wa rejeta, kipuri cha bei ndogo ambacho watu hukifunga kwa kitambaa. Injini ya lita 2.5 haiwezi kupozwa na rejeta ya lita mbili iliyozibwa nusu kwa kutu. Weka rejeta inayolingana, mfuniko mpya, feni inayozunguka, na kipozeo chenye dawa ya kuzuia kutu badala ya maji ya ndoo.

Hapa nina ugomvi na baadhi ya mafundi wetu, na nauleta kwa upendo. Jamani, acheni kutoa themostati! Ikitolewa, injini huchelewa kupata joto lake, kontroli boksi hudhani ni alfajiri mchana kutwa, na mafuta humwagwa kupita kiasi. Gari likichemsha, kosa liko kwingine. Litafuteni huko liliko.

3. Waya na kontroli boksi

Ile hela ya ekzosi sasa ina kazi. Injini nyingi zinazokataa kuwaka baada ya kubadilishwa ni nzima kabisa. Waya ndizo zilizokatwa ovyo siku ya kuibomoa. Kabla hujalipa, uliza mambo matatu. Waya zimekatwa karibu na injini au zimechomolewa kwenye soketi? Kontroli boksi ni ya injini hii hii? Ilitoka kwenye gari la otomatiki au la manyuo? Majibu yakitofautiana, gari litawaka siku ya Jumatatu na kukugomea Jumanne.

Mlipe fundi umeme kama unavyomlipa fundi injini. Anayekaa chini ya dashibodi siku nzima akifuata waya mmoja wa njano wenye mstari mwekundu anastahili zaidi ya soda. Anayeunganisha kwa mkono na kufunga selotepu, mshukuru, "wabeja," kisha tafuta mwingine anayetumia risasi ya kulehemu na mpira wa kuzuia maji.

2. Kadi ya gari

Kadi yako ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, kadi hiyo haisemi tena kweli hadi uipeleke TRA irekebishwe, baada ya gari kukaguliwa na polisi wa usalama barabarani. Watu wengi huahirisha, halafu siku ya kuuza gari mnunuzi anafungua boneti, anasoma namba, anafunga boneti, anaaga kwa heshima.

Kuna sababu nzito zaidi. Injini isiyo na risiti inaweza kuwa imechomolewa kwenye gari la mtu aliyelala usingizi. Ukiinunua, umemlipa mwizi mshahara. Dai risiti yenye namba ya injini, iangalie namba yenyewe kwenye bloku, na ukiona imepigwa tindo au kusuguliwa, ondoka hata kama bei inakuita mjomba. Bima nayo haina huruma: ajali ikitokea na karatasi hazilingani, umempa mlipaji sababu ya kukugomea.

1. Breki na tairi

Najua ulidhani namba moja ni injini ya 2JZ. Pole, ndugu yangu, na nakwambia bila utani: breki ndizo namba moja, na hazina mshindani.

Mwendo ukiwa mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huwa mara nne. Gari lililotoka kiwandani na nguvu farasi 140 lilipewa diski na kalipa za kazi hiyo. Ukiliongezea nguvu hadi 280 na kuliacha na breki zilezile, umelifanya lisisimamike. Toyota haikufanya hivyo. Mark II zenye 1JZ ya turbo zilipewa breki kubwa kuliko GX100. Basi siku unaponunua injini, nunua na breki za mbele za gari lililoitoa.

Kalipa ya mtumba inafaa ikisafishwa na kuwekewa mipira mipya. Pedi za mtumba hapana, mipira ya breki ya mtumba hapana. Mafuta ya breki huvuta unyevu taratibu, kwa hiyo yamwage na kuweka mapya kila baada ya miaka miwili. Kwenye ubavu wa tairi soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2315 maana yake liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi la hivyo linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likapasuka.

Barabara inayopita Buzuruga si uwanja wa mbio. Kuna hiace inayosimama ghafla kupakia, bodaboda anayekatiza na abiria wawili, mama mwenye beseni la dagaa na watoto wa shule wanaovuka wakishikana mikono. Hakuna kati yao atakayeuliza injini yako ina nguvu farasi ngapi. Wote wanategemea usimame.

Kama mwezi huu una hela ya kazi moja tu, mwambie fundi aanze na breki. Injini utaifunga mwezi ujao, na utakuwepo kuiwasha.