Tope la Kariakoo Lisifiwe

Nzi ameshasifiwa. Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 2, alimtungia nzi sifa ndefu, akataja mbawa zake, ushujaa wake na jinsi anavyoonja chakula cha wafalme kabla ya wafalme wenyewe. Upara nao ulipata wakili, askofu Synesius wa Cyrene. Erasmus akausifia upumbavu, kitabu kikachapwa mwaka 1511 na mpaka leo kinasomwa. Sisi huku tumesifu mabibi harusi, majahazi, Simba, Yanga, mpaka pilau. Ila tope la Kariakoo, ambalo limemshika kila mmoja wetu mguu, halijapata wa kulisemea. Nasimama mimi.

Sifa za heshima huanza na nasaba, na nasaba ya tope hili si ya kubabaisha. Baba yake ni mvua. Kila Machi jua linapovuka ikweta kwenda kaskazini, mkanda wa mawingu hulifuata nyuma. Upepo wa kaskazi unalegea, kusi inaingia, na Dar es Salaam inapata masika, Machi hadi Mei. Septemba jua linarudi na mawingu yake, ndiyo vuli, Oktoba hadi Desemba. Wenzetu wa Dodoma wamepewa msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Sisi tumepewa miwili, na tope letu hukogeshwa upya kila msimu.

Upande wa kuukeni ukoo ni mpana zaidi: mchanga wa barabara iliyobomoka, majani ya kabichi, nyanya zilizoangukia chini ya fuso, maganda ya machungwa, oili ya bodaboda, maji ya dagaa, na mchango mnono wa chemba. Hapo kwenye chemba ndipo tope la Kariakoo linapoyapita matope yote ya nchi hii. Tope la shamba mvua ikikatika nalo linakwisha. Hili likikosa mvua linalishwa kutoka chini. Hata Februari, jua la kutoa watu roho, utalikuta limekaa kwenye kona yake, jeusi, linang'aa, halina presha na mtu.

Kazi yake ya kwanza ni ualimu. Watoto wetu wanaosoma shule za Kiingereza hukaririshwa misimu minne ya Ulaya: wa theluji, wa maua, wa jua, wa majani kupukutika. Mtoto wa Gerezani anachora sanamu la theluji lenye skafu, mwalimu anaweka vema, na darasani feni imekufa na joto limefika nyuzi 32. Theluji ya karibu naye iko Kibo, juu ya Kilimanjaro, nayo inazidi kupungua. Angepelekwa Mtaa wa Narung'ombe angefundishwa misimu ya kwao bure, tena kwa miguu. Masika tope ni la kina, linavua watu viatu. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, linakauka likiwa limehifadhi nyayo za watu na tairi za maguta, kisha linasagika kuwa vumbi na kupanda ghorofani kwa wenye maduka ya vitambaa. Vuli ni la juujuu, jembamba, la utelezi; hilo ndilo linaloangusha watu wazima mbele ya wakwe zao. Kiangazi, kama nilivyosema, chemba zinashika zamu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutupa utabiri wa kila msimu: mvua za wastani hadi juu ya wastani, au chini ya wastani hadi wastani. Ni kazi ya kitaalamu nami naiheshimu. Ila mwenye shughuli Kariakoo ana kipimo chake, nacho ni kandambili. Tope likiishia kwenye soli, hiyo ni chini ya wastani. Likifika kwenye kifundo, wastani. Kandambili ikibaki chini na mguu ukatoka peke yake, juu ya wastani, na ni vizuri kumpigia mtu simu nyumbani aondoe watoto mlangoni.

Sasa uchumi, maana Kariakoo bila hesabu si Kariakoo. Chukua asubuhi ya Aprili, mvua imepiga usiku kucha, Mtaa wa Aggrey. Dimbwi limetanda ukuta kwa ukuta. Vijana wameamka kabla ya wenye maduka, wamepanga matofali moja moja, kati ya tofali na tofali hatua ya mtu mzima. Mgeni atadhani ni hisani. Aifuate njia hiyo aone: haivuki ng'ambo. Inapinda kushoto, inapita chini ya turubai, na tofali la mwisho limetua mlangoni mwa duka la viatu. Hapo winga ameshanyoosha mkono.

"Pole na tope, dada angu. Ingia ndani ufute miguu, viatu vipo vya kila aina, bei ya jumla."

Dada kashika kitenge kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kiatu kilichong'oka kisigino. Anasema hanunui, anapita tu.

"Unapita kwenda wapi, dada angu? Tofali limeishia hapa."

Akaingia. Nimesoma mawazo ya wataalamu wa masoko kuhusu namna ya kumvuta mteja, sijaona lililopita hili.

Na hao ni wa matofali tu. Yuko mwenye ndoo, kopo na brashi, anayekuosha miguu na viatu kwa jero mara utakapofika pakavu. Pakavu penyewe pana mita mbili na mbele yake ni dimbwi lingine, lakini hilo halimhusu. Yuko mwenye mgongo mpana anayekuvusha kwa buku, na kwa mtu mnene bei ni maelewano. Yuko mama ntilie ambaye watu waliokimbilia chini ya turubai lake kujikinga na mvua wanaona haya kukaa bure, wanaagiza supu na chapati. Zamani mtu alijisitiri kwa kuvaa mfuko wa rambo kila mguu akapita. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Juni 2019, biashara ya gambuti imepata mashiko. Hakuna sekta niijuayo inayoajiri vijana wengi kwa mtaji mdogo namna hii, tena bila kudai kitambulisho cha mjasiriamali.

Pia tope hili ni amini. Wanaolisema vibaya wanadai linachafua, kumbe kazi yake ni kurudisha amana. Chupa ya maji uliyokunywa Januari ukaitupa mtaroni, inarudishwa mlangoni mwako Aprili, na kizibo chake. Sahani za takeaway za harusi, kiatu cha mtoto kilichopotea mwaka juzi, nepi ambayo hakuna nyumba itakayoikiri, vyote vinaletwa hadharani, na mwenye macho anatambua chake. Katika mitaa ambayo mzigo ukipotea umepotea, sifa hiyo si ndogo.

Usawa nao linaujua. Shangingi la bosi linaweza kuja kwa kishindo na kuwamwagia maji watu wa kituoni, hilo halikatai. Lakini mbele kidogo, chini ya maji yale yale, ipo chemba ambayo mfuniko wake ulishauzwa chuma chakavu. Tairi ya mbele ikididimia, bosi anashuka na soksi zake, na wanaoitwa kusukuma ni walewale wa kituoni. Watasukuma. Ila watahesabu kwanza.

Hata mahasimu linawapatanisha. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 hazijapata kukubaliana jambo, lakini mmoja anajiita Mwana Jangwani na mwenzake Mwekundu wa Msimbazi, yaani wote wawili wameona fahari kubeba majina ya bonde hilohilo ambako mto unateremka kutoka milima ya Pugu na kupumzika kila unapochoka.

Wanazuoni nao hawakulidharau. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj yake, kitabu ambacho darsa za pwani zimekisoma kizazi baada ya kizazi, ameliwekea hukumu tope la njiani: hata likiwa lina najisi kwa yakini, kile kiasi ambacho mtu kwa kawaida hawezi kukikwepa kinasamehewa, na msamaha hutofautiana kwa wakati na kwa mahali lilipoingia katika nguo au mwili. Wafafanuzi wakaeleza kwamba majira ya baridi, ambayo kule Shamu ndiyo ya mvua, si sawa na kiangazi, na upindo wa nguo si sawa na mkono wa nguo. Kwa hiyo mzee anayekwenda Ijumaa Msikiti wa Mtoro mwezi wa Aprili, kanzu ameipandisha hadi muundini, likamrukia kidogo upindoni, ana hoja yenye umri wa zaidi ya karne saba. Likimrukia begani hiyo ni kazi ya dereva wa daladala, na maneno atakayomwambia yana hukumu yake mbali. Mimi si mufti. Mwenye shaka amuulize shehe wake.

Upande wa serikali, mvua ya Kariakoo ilipata kupokewa kwa taadhima mara moja. Msanifu majengo Beda Amuli alipolichora Soko Kuu, lililojengwa miaka ya 1970, alilivika paa la faneli kubwa za zege ambazo zinayapokea maji ya mvua badala ya kuyafukuza. Hatua chache nje ya lango, maji ya wingu lilelile hayana mwenyeji. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko. Tope halikuungua.

Nje ya soko tope lilijitafutia heshima lenyewe. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016, karakana yake ilikuwa imewekwa Jangwani, bondeni kabisa, na tope likashukuru kwa kutembelea karakana hiyo masika baada ya masika, barabara ya Morogoro ikafungwa, mji ukakatika vipande viwili. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa Bonde la Msimbazi, ambamo lipo daraja jipya la Jangwani. Mfanyabiashara wa Kariakoo akienda kuomba mkopo anaulizwa hati ya nyumba, wadhamini wawili na barua ya serikali ya mtaa. Tope halikuulizwa kitu.

Mpaka wa sifa hizi lakini nauweka wazi, maana msifiaji asiye na mpaka ni chawa. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliporomokea mji wa Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Hayo siyagusi kwa mzaha, wala sioni ukoo kati yake na tope la Mtaa wa Aggrey. Mlima uliporomoka wenyewe. Hili la kwetu tumelikusanya kwa mikono yetu, kopo kwa kopo, na mtaro ulioziba mbele ya duka unajulikana ulizibwa na nani.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa Halmashauri ya Jiji. Siku mtakapoamua kuzibua mitaro yote ya Kariakoo, kufunika chemba zake na kuzoa taka kabla ya masika, msitushtukize. Toeni tangazo angalau miezi mitatu kabla, lipite redioni na misikitini na makanisani. Kuna watu wameagiza kontena zima la gambuti kutoka Guangzhou, kodi wameshalipa na mkopo bado wanadaiwa. Wapeni muda wamalize mzigo. Na yale matofali ya Mtaa wa Aggrey yana mwenyewe, msije mkayazoa pamoja na kifusi.