Hotuba ya Bingwa wa Bustani Mbele ya Watu wa Wete

Waheshimiwa masheha, akina mama, na nyinyi vijana mliopanda ukutani: bingwa amefika. Nimekuja na mpira wa maji wa mita 50, mkasi wa kupunguzia ua, na cheti ambacho kwa leo nimekiacha nyumbani.

Nianze na historia, maana mtaalamu haanzi na jembe. Waarabu walikiita kisiwa hiki cha Pemba Jazirat al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani. Sawa, lakini kijani hicho alikipanga nani? Sultani Seyyid Said aliamuru kila mnazi mmoja uandamane na mikarafuu mitatu. Kwa hilo nampa maksi, ila ukoka hakuugusia kabisa. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na tangu hapo nyinyi ni karafuu tu, hamsikii la mtu.

Matokeo yake ndiyo uwanja huu. Tazameni! Umefagiwa kwa fagio la chelewa hadi mistari inaonekana mchangani, jani hata la dawa hakuna. Bi Mkubwa mmoja akanieleza eti ni pa kuanikia karafuu. Akakaa kitako, akatwaa kichala, akakisugua kiganjani huku akizungumza na jirani: karafuu huku, makonyo kule, wala haangalii. Karafuu zikatandazwa juani juu ya jamvi. Makonyo yakatiwa kwenye polo, yangoje kupelekwa kiwanda cha mafuta pale Wawi. Nikamwuliza: na ukoka utaota wapi? Akanitazama kama mgonjwa aliyetoroka wodini.

Mpango wangu ni huu. Uwanja wote upandwe ukoka. Msimu wa karafuu ukifika, hilo tutaliundia kamati. Mbuzi waelezwe kwa upole. Mkilua wa dirishani ung'olewe, kwa kuwa haukukaa kwenye mstari. Naambiwa maua yake hutiwa kwenye kikuba cha bi harusi pamoja na asumini na rehani. Basi bi harusi asubiri nimalize kupima. Mchaichai na muhogo wa nyuma ya jiko vinaharibu mandhari. Anayetaka kisamvu aende sokoni.

Sasa popo. Popo wa Pemba, wale wakubwa wasiopatikana kwengine kokote duniani, wanakula matunda usiku na kutawanya mbegu bila ramani yoyote, miti ikaota inapojitakia. Nimewafuata kwenye hifadhi yao ya Kidike kuwaonya. Nimewakuta wananing'inia kichwa chini, hata salamu hawakuitikia. Mwanafunzi wa namna hii anafundishwa vipi?

Mtauliza habari ya maji. Masika yakianza Machi, mvua itamwagilia, tena kupita kiasi, nami nimeshaandaa barua ya malalamiko. Kiangazi, mama atakwenda kisimani: ndoo ya kwanza ya ukoka, ya pili ya watoto.

Ada yangu ni pishi mbili za karafuu kavu, na kwa vile mnunuzi halali ni shirika la biashara la serikali, ZSTC, peke yake, nipewe baada ya isha. Ziwe zimeanikwa juu ya jamvi, kwenye uwanja uliofagiwa. Zilizolazwa kwenye majani sizipokei, zinapata unyevu. Maswali yanaruhusiwa, isipokuwa kwa mwenye bustani.