Jinsi ya Kuikosa Altezza kwa Heshima

Umeshaiona. Imeegeshwa pembeni ya barabara Kiwalani, Dar es Salaam, nyeupe, imeshushwa chini hadi tairi zimejificha, na mlio wake unaujua kabla haijakata kona. Dalali amekwambia, "Bosi, maongezi yapo." Hapo ulipo umeshaamua kuinunua, unatafuta tu mtu wa kukwambia umeamua vyema.

Mtu huyo si mimi. Lakini pia sitakuomba uache kupenda sifa. Binadamu anapenda kuonekana, na gari la spoti ni njia moja nzuri sana ya kuonekana. Ninachotaka kukufundisha ni kupata sifa zote hizo kwa gharama ya lita chache za petroli, kisha urudi nyumbani na pesa zako. Ukishindwa kurudi nazo, basi angalau ushindwe kwa mpangilio. Sogea.

Hatua ya kwanza: jifunze herufi tatu

Toyota ilitengeneza Altezza kuanzia 1998 hadi 2005. Ilipata tuzo ya gari bora la mwaka nchini Japani msimu wa 1998–1999, na ng'ambo ikauzwa kwa jina la Lexus IS. Zile taa zake za nyuma zenye kioo angavu zilipendwa mno, zikaigwa duniani kote kwenye magari yasiyo na undugu nayo. Hayo yahifadhi, yatakufaa kijiweni.

La kukuokolea pesa ni hili. Altezza za sedani ziko mbili. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, nguvu farasi 210 ikiwa ya gia za mkono. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda sita, farasi 160. Muuzaji atakwambia yake ni ile yenye nguvu, na nyuma kweli kuna nembo ya RS200. Nembo inabandikwa kwa gundi. Atakuonyesha gia sita za mkono. AS200 nayo ilitoka kiwandani na gia sita za mkono. Wewe fungua boneti, tafuta kibati cha chasisi, usome mwanzo wake. SXE ndiyo RS200. GXE ni AS200, gari zuri la kutulia, ila si lile unaloliota wala halistahili bei unayotajiwa.

Ukishasoma, funga boneti na unyamaze. Kila unachokijua kabla ya dalali kujua kwamba unakijua kina thamani ya pesa.

Na usitetemeshwe na herufi za namba. Gari la namba D linaringiwa mbele ya lile la namba C, lakini herufi hizo zinaonyesha lilisajiliwa lini Tanzania, siyo lilitengenezwa lini. Altezza ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani 2005. Namba haiwezi kuirudishia ujana.

Hatua ya pili: nenda mapema, na nenda na mkorofi

Usitoe miadi ya saa kumi jioni. Dalali ataiwasha mapema, iungurume, ipate joto, nawe utaikuta imetulia kabisa. Tokea saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna jambo walilotaka lipite kabla hujafika. Sema una dharura, rudi siku nyingine mapema zaidi.

Nenda na fundi wako, siyo fundi "aliyekuwepo tu pale". Mlipe kwa kazi ya kukagua, umlipe palepale, na umwambie mbele ya shahidi kwamba pesa yake ni ileile ukinunua au usiponunua. Fundi anayesubiri cha juu kutoka kwa muuzaji hawezi kuona moshi hata ukimpalia puani. Chagua fundi mkorofi, anayenuna na kuguna kila anapoinama chini ya gari. Miguno yake hupunguza bei kuliko maneno yako yote.

Hatua ya tatu: acha kutazama unachoonyeshwa

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Gari lililochezewa lina mabadiliko ya aina mbili. Ya kwanza ni ya macho: spotirimu, taa, stika, usukani mdogo, eksozi ya mdomo mpana. Mnunuzi mwoga anayaogopa hayo, na hana sababu. Mengi yanafunguliwa kwa spana na kurudishwa. Katika kundi hili naogopa springi tu. Springi zilizotengenezwa fupi, zenye shokapu zake, ni kazi halali. Springi za kiwandani zilizokatwa kwa grenda ni kazi ya kihuni: shokapu hufa, bushi hufuata, na kila tuta la Kiwalani linagonga tumbo la gari. Mwambie fundi apige tochi aangalie ncha ya springi. Mkato wa grenda haufichiki.

Aina ya pili ni mabadiliko ambayo hakuna anayekutajia, kwa kuwa hayakufanywa kwa ajili ya sifa. Yalifanywa ili kukwepa matengenezo. Hayo ndiyo yanayoua gari.

Chukua themostati. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi, nyuzi 80 na ushee. Gari likianza kuchemsha, fundi wa haraka anaitoa na kuitupa, anasema Dar kuna joto, hatuihitaji. Gari linaacha kuchemsha kwa muda, mwenye gari anafurahi. Lakini rejeta iliyoziba bado imeziba, pampu ya maji iliyochoka bado imechoka, na sasa injini inatembea baridi. Kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inazidi kuiongezea petroli. Kwenye injini iliyotengenezwa kwa ufundi mkubwa kama 3S-GE, huo ni ukatili, nami nasikitika kila ninapouona.

Kugundua ni rahisi. Utakapoijaribu barabarani, endesha robo saa huku ukitazama mshale wa joto. Ukibaki umelala chini, themostati haimo. Kabla ya kuendesha, kama gari limefungwa feni ya umeme, zima AC, washa swichi injini ikiwa baridi. Feni ikianza kuzunguka papo hapo, imeungwa moja kwa moja kwa waya ili kuficha kuchemsha. Kisha, bado likiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Ukikuta maji mekundu ya kutu, wanaweka maji ya bomba miaka yote. Chungulia na kifuniko cha oili: ute mweupe kama uji maana yake maji na oili vinaweza kuwa vimeshakutana. Ukikuta mawili kati ya haya, ruka hadi hatua ya tano.

Mwisho, omba kadi ya gari. Ina rangi, namba ya chasisi na namba ya injini. Ukisifiwa kwamba ndani kuna 1JZ iliyotoka kwenye Mark II, pongeza, kisha linganisha namba. Injini isiyo ya kwenye kadi arekebishe muuzaji kwenye mamlaka ya mapato, TRA, kwa gharama zake, kabla hujahesabu hata noti moja. Ukikubali "tutamalizana baadaye", baadaye hiyo utaimaliza peke yako kituo cha polisi.

Hatua ya nne: jilie sifa zako

Sasa omba kuijaribu. Hakiki kwanza bima kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, kisha weka petroli kwa pesa yako, ni uungwana na pia inakupa haki ya kwenda mbali. Teremsha vioo. Pita mbele ya kijiwe chako taratibu, piga honi, wakuone. Piga na picha. Hiki ndicho ulichokuwa unakililia, kipate chote leo.

Huku unaonekana, sikiliza. Kwenye matuta ya mtaani sikia kama chini kunagonga. Ingia Barabara ya Nyerere, panda daraja la Mfugale pale Tazara, lile lililofunguliwa 2018, na ukanyage mafuta kidogo kwenye mwinuko huku fundi akitazama nyuma. Moshi wa bluu, injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma wakati gari limeshapata moto, inakula maji. Rudi kupitia foleni, AC ikiwa imewashwa. Foleni ya Barabara ya Nyerere ni kipimo kikali: kinachotaka kuchemsha kitachemsha hapo. Utagundua pia kwamba kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na farasi wako 210 wanatembea nyuma ya daladala.

Hatua ya tano: ondoka bila kumwaga heshima

Usilitukane gari. Mwenyewe analipenda, na kukwambia "nauza kwa shida" kumemgharimu. Usiseme "nitafikiria", dalali atakupigia simu mpaka ubadilishe laini. Sema, "Kaka, gari zuri, fundi wangu amekataa." Fundi hana hasara, sifa yake inapanda. Ukitaka, taja bei unayoiamini, acha namba yako ya simu, uondoke kwa miguu bila kugeuka.

Kijiweni wakikuuliza, jibu kwa sentensi moja: "Nimeikagua, ni GXE." Utaheshimiwa kuliko aliyeinunua.

Hatua ya sita: umenunua

Nilijua. Basi fanya haya kwa mfuatano.

Angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, ayalipe muuzaji. Andikishaneni kwa wakili. Badilisha umiliki TRA wiki hiyohiyo, usitembee na kadi ya jina la mtu.

Kisha nenda mtaa wa Gerezani na fundi wako. Anza na mkanda wa taimingi. Unatakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000, nawe huna sababu ya kuziamini kilomita unazozisoma, kwa hiyo hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Themostati halisi. Kulanti badala ya maji ya bomba. Springi nzima na shokapu zake. Pesa ikikata njiani, uza spotirimu zile uvae rimu za kawaida. Zitakulipia mkanda, na usukani utakuwa mwepesi kwenye mashimo.

Eksozi iache ilivyo. Hiyo umeilipia.