Mbuzi wa Bergen Hana Mchungaji

Kwenu nyote, Kisauni.

Mama, Baba, shikamooni. Bibi, naibusu mikono yako. Wadogo zangu, marahaba, ingawa najua hamjaniamkia. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, na habari kubwa ya huku ni kwamba leo nimemwona mbuzi aliyevalishwa mtambo shingoni, na mtambo huo ndio unaomchunga.

Meli imefunga gatini Bergen, Norwei, na sisi wa dobi tukapewa ruhusa ya kushuka hadi alasiri. Abiria walipanda mabasi. Mimi nikashika njia kwa miguu, maana miguu haidai nauli. Mji huu umezungukwa na milima, wenyewe husema ni saba, na mmoja wao, Fløyen, una treni ndogo inayovutwa kwa kamba ya chuma tangu 1918. Behewa moja likipanda jingine linashuka, yanapishana katikati. Nikasoma bei ya tiketi, nikajiambia mita 320 si kitu kwa mtoto wa pwani. Mtoto wa pwani mwenyewe, mnamjua, mlima mkubwa aliowahi kuupanda ni ule mteremko wa feri ya Likoni. Kufika nusu ya njia nikapitwa na bikizee mwenye fimbo mbili, kisha na mama anayesukuma kigari cha mtoto huku akiongea na simu bila kuhema.

Juu huko ndiko waliko mbuzi. Kiangazi huachiwa wale vichaka ili mandhari isizibwe. Hakuna ua, hakuna kamba, hakuna mtoto mwenye kiboko. Kila mbuzi ana kola nene yenye betri na GPS. Mwenye mbuzi anachora mpaka kwenye simu yake, amekaa kwake, amevaa soksi. Mbuzi akiukaribia mpaka, kola inaanza kulia. Akizidi kwenda, mlio unapanda. Akigeuka, kimya. Akikaidi, anapigwa shoti ndogo ya umeme. Akipuuza na ya tatu, kola inakata tamaa, inampelekea mwenyewe ujumbe kwamba fulani ametoroka. Na akiamua kurudi kwa hiari yake, hupita mpakani salama, hapigwi tena.

Nimelifikiria sana beberu letu, lile lililokula leso ya jirani ikiwa ingali kambani. Mlio lingeucheza. Shoti lingeizoea. Ujumbe ungemfikia Baba akiwa kwenye baraza ya bao, akausoma mpaka mwisho, akarudisha simu mfukoni na kucheza zamu yake. Na mdogo wangu anayekosa madrasa kila wiki kwa ajili ya kulifukuza angekosa pa kusingizia.

Nilisimama nikimtazama mmoja wa mbuzi wale. Akasogea, kola ikalia, akageuka, akaendelea kula. Hakuna aliyemwita jina, hakuna aliyemrushia kandambili, hakuna aliyemtukania ukoo. Nikamwonea huruma mbuzi wa watu. Kisha nikagusa kitambulisho changu cha meli kinachoning'inia shingoni, ambacho nacho hulia kila nikipita mlangoni, nikaona nijihurumie kwanza mimi.

Wakati wa kuteremka mvua ikaanza. Bergen hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, takriban mara mbili ya Mombasa. Mwaka 2006 ilianza kunyesha mwishoni mwa Oktoba, haikupumzika mpaka Januari 2007, siku 85 mfululizo. Kwetu matone kumi yanatosha kuahirisha harusi. Huku hakuna aliyekimbia wala kujibanza chini ya kibaraza isipokuwa mtu mmoja, naye ndiye anayewaandikia barua hii.

Sasa niwaeleze sheria ya barabara. Penye mistari myeupe pasipo taa, gari lazima limpishe mtu wa miguu. Si kwa hisani, ni sheria. Mimi nilisimama ukingoni kufunga kamba ya kiatu. Gari likasimama. La nyuma yake likasimama. Basi zima likasimama. Hakuna honi, hakuna aliyetoa kichwa dirishani kuniuliza kama nimeamua kufa. Walingoja tu. Mnajua mimi nimefundwa kuvuka kwa mbio na dua. Watu wakinistahi hivyo naona haya. Nikavuka kwa adabu, mkono kifuani, ilhali nilikokuwa nakwenda ni upande uleule niliotoka. Ikabidi nirudi. Wakasimama wengine.

Sokoni penye samaki, karibu na maji, nimeona kaa mwenye miguu mirefu kuliko yangu, na nyama ya nyangumi inauzwa peupe. Mjomba msimwambie, asije akasema aliwahi kumvua mmoja Nyali. Bei imeandikwa kwenye kibao. Nikainua uso kuomba nipunguziwe, muuzaji akanitazama kwa upole na kunirudishia macho kwenye kibao.

Mbele kidogo ni Bryggen, gati la kale, na hapo ndipo miguu iliponiishia. Ni nyumba za mbao, nyekundu na manjano, zimeinama na kuegemeana kama wazee waliotoka kazini. Katika karne ya 14 wafanyabiashara wa Hansa kutoka Ujerumani waliweka ofisi yao hapa. Walinunua samaki mkavu kutoka kaskazini, wakaleta nafaka. Kwa hofu ya moto walikatazwa kuuwasha ndani ya nyumba hizo, na baridi ndiyo hii. Kupika na kuota moto ni katika kumbi za nyuma tu. Kuoa pia walikatazwa. Hawana moto, hawana wake, na samaki ni yuleyule: nimewatambua, hao ni mabaharia wenzangu. Na moto ulikuja hata hivyo. Mwaka 1702 uliteketeza gati lote, wakalijenga upya kwa ramani ileile, na tangu 1979 liko katika urithi wa dunia wa UNESCO.

Vichochoro vyake havimpotezi mtu aliyekulia Mji wa Kale. Nikaingia, nikawa nategea sikio: hamali apige kelele nipishe mkokoteni, muuza kahawa agonganishe vikombe, mama fulani aulize kutoka dirishani mimi ni mtoto wa nani. Nikatembea hadi mwisho, nikatokea upande wa pili. Hakuna aliyeniuliza. Mji ni safi, watu ni wastaarabu, na hakuna mtu hata mmoja aliyenifokea tangu asubuhi. Sikuwahi kudhani hilo ni jambo la kumhuzunisha mtu mzima.

Basi nina ombi. Mkinipigia Ijumaa, msiingie chumbani mkafunga mlango ati nisikie vizuri. Kaeni hapo hapo barazani, wote, na majirani wakiwepo, na mseme kwa pamoja. Vocha nitatuma mimi.